Bei Nafuu, Maisha Ghali: Nakivale na Mbarara

Askari wawili wenye cheo kimoja na mshahara mmoja wakipangiwa kazi, mmoja katika jiji la Mbarara na mwenzake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hazipiti siku nyingi kabla yule wa Mbarara hajaanza kumwonea wivu mwenzake. Husemwa kwamba Nakivale maisha ni rahisi: mahindi na maharage yako shambani, samaki wako ziwani, na chumba hakimli mtu mshahara. Usemi huo una ukweli ndani yake. Lakini ni ukweli wa mtu ambaye mshahara wake unatoka mahali pengine.

Makazi ya Nakivale, yaliyomo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958, na leo ni maskani ya watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Mbarara, iliyopandishwa daraja kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, iko umbali wa kilometa zaidi ya 50. Umbali huo si mkubwa kwa gari la jeshi. Kwa bei ya sabuni ni safari ndefu.

Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya kupikia hupakiwa kwenye malori hadi maduka ya jumla ya Mbarara, kisha hupakiwa tena katika magari madogo na kupita njia ya vumbi hadi soko la Base Camp. Kila mkono unaopokea mzigo huchukua chake. Mahindi hufuata njia hiyo hiyo kwa kinyume. Wakati wa mavuno mkimbizi humuuzia mchuuzi gunia kwa bei ya chini, kwa sababu nauli ya lori lazima itoke mahali fulani, nayo hutoka katika bei ya mkulima. Miezi ya njaa ikifika, mkulima yule yule hununua unga uliokwisha kusagwa na kusafirishwa. Barabara ile ile humpunja mara mbili.

Mkaazi wa Mbarara naye ana mzigo wake. Hulipa kodi ya nyumba kila mwezi, hununua makaa ya sigiri na maji ya bomba, na hata matoke, ambayo Isingiro huyatoa kwa wingi sana, humfikia yakiwa yameongezwa bei. Hata hivyo jiji lina mahali pa kupatia fedha: viwanda vya maziwa, hospitali ya rufaa, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989, kambi ya jeshi ya Makenke, na ujenzi. Kibarua aliyekosa kazi mtaa huu anaweza kujaribu mtaa wa pili siku hiyo hiyo. Katika makazi, aliyekosa kibarua cha kulima hana mtaa wa pili.

Hapa ndipo hesabu za bei zinapoweza kumpotosha msomaji. Ofisi ya Takwimu ya Uganda hukusanya bei katika miji kadhaa, Mbarara ikiwa mmojawapo. Makazi ya wakimbizi hayamo katika kapu hilo. Ilipotangazwa kwamba bei zimepanda kwa asilimia 10.7 katika mwaka ulioishia Oktoba 2022, tarakimu hiyo haikupimwa Nakivale. Huko ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linalopima bei, likitumia kapu lake la mahitaji ya lazima, nalo ndilo linalotoa msaada.

Na msaada wenyewe umekuwa ukipungua. Mkimbizi aliyechagua fedha badala ya chakula alikuwa akipata shilingi 31,000 kwa mwezi. Aprili 2020 zikawa 22,000. Februari 2021 zikawa 19,000, yaani shilingi zisizozidi 634 kwa siku. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi kwa kadiri ya shida zao, na kundi moja likaondolewa kabisa katika msaada. Mwaka 2025 shirika hilo, kwa kukosa fedha kutoka kwa wafadhili, lilisimamisha chakula kwa wakimbizi karibu milioni 1 nchini Uganda. Bei ya unga ingebaki pale pale miaka yote hiyo, bado unga ungekuwa ghali zaidi kwa mnunuzi huyo. Askari mwenye mshahara huingia katika duka lile lile, akaona nafuu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini chakula na kiwanja hutolewa katika makazi. Anayehamia mjini hujitegemea. Kwa hiyo jamaa nyingi hugawanyika. Mama na watoto hubaki Nakivale kushika kiwanja na shule, baba huenda Mbarara kubeba matofali. Polisi anayemkuta mtu huyo usiku katika chumba cha watu sita si lazima amdhanie mzururaji. Huenda anaweka akiba ya kodi ya nyumba ili apeleke unga nyumbani.

Jamaa ya namna hiyo hailinganishi tena gharama za mahali pawili, bali huzilipa zote: masufuria mawili, taa mbili, na nauli katikati. Fedha zinazotumwa kwa simu hukatwa ada ya wakala, na tangu Novemba 2018 kodi ya asilimia 0.5 kila zinapotolewa. Hesabu hiyo askari wengi wanaijua vizuri, hasa wale ambao wake zao wako kijijini na wao wenyewe wako kambini, na ambao kila mwisho wa mwezi husimama katika mstari mmoja na wapagazi wa Nakivale mbele ya kibanda cha wakala.