Ngozi, Sindano na Uhai

Kaskazini kabisa mwa dunia ziko nchi ambako bahari huganda. Watu hupita juu yake kama sisi tunavyopita barabarani. Katika majira ya baridi, nyuzi hushuka hata 40 chini ya sifuri. Ukitoka nje na shati la pamba tu, hutadumu.

Huko wanaishi Wainuiti, katika Greenland, kaskazini ya Kanada na Alaska. Ndugu zao Wayupik wanaishi Alaska na pembeni mwa Urusi. Vitabu vya zamani viliwaita wote Waeskimo, lakini wengi wao hawalipendi jina hilo.

Je, watu hawa waliishije huko bila viwanda vya nguo? Waliwinda wanyama, na wanawake walijua kushona.

Mnyama mkuu wa nguo ni karibuu, mnyama wa mwituni mwenye pembe zenye matawi. Kila unywele wake una uwazi ndani, nao umejaa hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, kwa hiyo joto la mwili halitoki. Mwindaji huvaa makoti mawili. Manyoya ya koti la ndani huelekea mwilini, na ya koti la nje huelekea nje. Katikati hubaki hewa nyingine. Basi kinacholeta joto si unene wa nguo, ni hewa hiyo.

Ngozi ya nguo hutafutwa mwezi wa Agosti au Septemba. Baadaye manyoya huwa marefu na mazito mno, yakafaa zaidi kwa matandiko.

Ngozi hukwanguliwa mpaka ilainike. Hukatwa kwa ulu, kisu cha umbo la nusu mwezi. Sindano za zamani zilikuwa za mfupa. Siku hizi ni za chuma. Uzi wake ulikuwa ukano wa mgongo wa karibuu. Ukano ukilowa huvimba, ukaziba tundu la sindano. Tena, katika kushona viatu vya ngozi ya sili, sindano huingia nusu ya unene wa ngozi tu, haitokezi upande wa pili. Maji hayana pa kupita. Fikiri mshono mmoja ukiachia mbali na nyumbani: mguu hulowa, vidole huganda na kufa, na pengine mtu mwenyewe hufa. Mwindaji akirudi salama, mshonaji naye anastahili sifa.

Wayupik walikuwa na koti la mvua la utumbo wa sili. Utumbo ulisafishwa, ukapulizwa hewa, ukaanikwa, kisha ukapasuliwa na kuunganishwa. Aliyelivaa alipigwa na mawimbi katika mtumbwi wake, naye akabaki mkavu.

Mama Mwinuiti mwenye mtoto mchanga huvaa amauti. Ni koti lenye mfuko mgongoni, kama mbeleko iliyoshonewa humo humo. Mabega yake ni mapana, hivyo mama anaweza kumleta mtoto mbele anyonye bila kumtoa kwenye baridi.

Wageni wengi kutoka Ulaya walizidharau nguo hizi, wakateseka. Roald Amundsen wa Norway hakuona haya kujifunza. Kati ya mwaka 1903 na 1905 alikaa jirani na Wainuiti wa Kanada, akavaa kama wao. Tarehe 14 Desemba 1911, yeye na wenzake wanne walifika Ncha ya Kusini, watu wa kwanza kufika huko. Nguo za manyoya walikuwa nazo.

Mwaka 1983 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikataza kuingiza ngozi za watoto wa sili. Wainuiti huwinda hasa sili wakubwa, tena kwa chakula. Hata hivyo bei ya ngozi zao nayo ilianguka, na familia nyingi zikakosa fedha za risasi na mafuta.

Siku hizi wengi huvaa nguo za dukani. Lakini wapo wawindaji ambao, wakienda mbali juu ya barafu, bado huchagua karibuu. Na katika vijiji vya Nunavut, eneo lililoanzishwa Kanada mwaka 1999, mabibi hukaa na wasichana darasani, wakiwafundisha kukwangua ngozi na kushika sindano.