Mnara wa Hanoi: Kanuni Inayojiita Yenyewe

Mwaka 1883 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alitoa mchezo wa vigingi vitatu na visahani vya ukubwa mbalimbali. Visahani huhamishwa kimoja kimoja hadi kigingi kingine, na kikubwa hakiwekwi kamwe juu ya kidogo.

Mwanafunzi anayekariri hatua 7 za visahani 3 hukwama kinapoongezwa cha nne, kwani hatua huwa 15. Katika Lisp, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, kanuni moja yatosha: peleka vyote vya juu kwenye kigingi cha akiba; hamisha cha chini; kisha virudishe vile juu yake. Kanuni hujiita yenyewe, kila mara kwa kisahani kimoja pungufu, na hukoma visipobaki. Sharti hilo likisahauliwa, kazi haitakamilika kamwe.