Bia ya hubloni mbichi: mambo tuliyoonja Poperinge



Katika mikutano ya mwisho swali moja limerudi mara tatu: ule mmea wa hubloni, wenye kutia bia uchungu, tunaweza kuupanda huku kwetu? Kuko mtu anayepita vijijini anauza vipandikizi na kusema kama viwanda vya bia vitanunua mazao yote. Wanamemba wamoja wamekwisha kumpa pesa. Mbele ya kuwajibu, tuwaeleze kwanza mambo tuliyoyaona kwa macho na kuyaonja kwa ulimi.

Tulikuwa maagronome wawili, tumetumwa Ubelgiji kwa mafunzo ya majuma sita. Mwanzo wa mwezi wa 9 tukapelekwa Poperinge, mji mdogo wa Flandria ya Magharibi, karibu na mpaka wa Ufaransa. Pale hubloni ni kama kahawa kwa Kalehe ao Idjwi: kila jamaa iko na habari yake. Wako na nyumba ya makumbusho ya hubloni, na kila miaka mitatu wanafanya sikukuu yake. Wazee wanakumbuka wakati ambapo maua yalichumwa kwa mikono, jamaa nzima zikitoka mbali, watoto na mabibi, kulala katika magala mpaka mavuno yaishe. Leo machine ndiyo inachuma.

Hubloni ni mmea wa kupanda juu, sawa maharagi ya mishingiriro, lakini hii inafika metre 6 ao 7. Wanasimamisha miti mirefu, wanafunga waya juu, na kila mwaka wanashusha kamba mpya ili mmea ujizungushe. Wakati wa joto unaweza kuongeza sentimetre 20 ndani ya siku moja. Baridi ikifika unakufa juu yote, shina linabaki udongoni, mwaka unaofuata linachipuka tena. Mmea wa kike tu ndio unaotafutwa, ule wa kiume wanaungoa. Ua lake ni kama kikoni kidogo cha majani mepesi. Ukilipasua kwa vidole, unakuta ndani unga wa manjano wenye kunata. Ule unga ndio mali. Uchungu na harufu ya bia, vyote viko mule.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii, juu ndiyo iliyotufanya tuandike.

Ua likivunwa liko na maji karibu asilimia 80. Ukiliacha kwa lundo, linapata moto ndani, sawa majani mabichi tunayorundika kwa mbolea. Kesho yake limegeuka rangi na kunuka vibaya. Kwa hiyo karibu hubloni yote ya dunia inakaushwa siku ile ile, kwa hewa ya moto ya degree 60 hivi, mpaka maji yabaki asilimia 10. Wale wanaokausha muhogo watafanya hesabu haraka: kilo 100 mbichi zinatoa kilo 22 kavu. Kiisha wanaigandamiza, na inaweza kusafiri mpaka Kinshasa ao Bukavu. Bia tunayokunywa huku inatiwa hiyo kavu.

Lakini mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno tu, kuko watengenezaji wa bia wasiongoja kukausha. Wanachukua maua mabichi toka shamba na kuyatia katika sufuria siku hiyo hiyo. Marekani vilevile wanajua jambo hili: kiwanda cha Sierra Nevada, kule Chico, kilianza kutengeneza bia yake ya mavuno mwaka 1996, na maua yalitoka Yakima kwa lori, zaidi ya kilometre 800, bila kulala njiani.

Kule tulikopelekwa safari haikupita metre 200. Ni kiwanda kidogo kilichojengwa katika ua wa mkulima mwenyewe, mapipa machache ya chuma, wafanyakazi wanne. Tulifika saa moja ya asubui. Maji ya shayiri yalikuwa yamekwisha kuwashwa, matamu sawa bushera, yanachemka. Mwenye kiwanda alikuwa anasimama na telefone mkononi. Machine ya shamba ilipotoa magunia ya kwanza, wakamwita, naye akahesabu dakika. Uchungu alikuwa ameutia mbele kwa hubloni kavu kidogo, kwa sababu uchungu unataka kuchemka muda mrefu. Maua mabichi aliyaweka mwisho kabisa, moto umezimwa, ili harufu isiende na moshi. Na aliweka mengi! Kilo tano mbichi pahali pa kilo moja kavu, juu mule ndani ni maji zaidi. Tulisaidia kumwaga magunia. Mikono yetu ilibaki ya manjano mpaka jioni, na sabuni haikusaidia kitu.

Bia haiiviki siku moja. Inafanya juma moja ao mawili ikichacha, kisha inatulia. Tulirudi juma letu la mwisho kuionja.

Mwenzetu mmoja ni mtu wa kanisa na hanywi pombe, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kunusa. Tunasema kweli, pua yake ilifanya kazi kupita ulimi wa yule mwingine. Glasi ilipofika tu akasema: majani yaliyokatwa leo asubui. Na ni kweli. Kwanza inakuja harufu ya majani mabichi, kisha ganda la ndimu, kisha kitu kama sitroneli iliyofikichwa. Rangi ni ya asali, imefifia kidogo, povu nyeupe inakaa. Mdomoni uchungu si mkali sana, unakuja polepole na kuondoka polepole. Mwishoni kunabaki ladha ya jani lisiloiva, karibu na mubirizi tunayowapa watoto kwa tumbo. Hiyo hatukuipenda sana. Tulimwambia mwenye kiwanda bila kuficha, akacheka, akasema hata bibi yake anasema hivyo.

Kisha akatoa chupa moja ya mwaka uliopita, bia ile ile, shamba lile lile. Akamimina kando. Uchungu ulikuwa pale, lakini harufu ilikuwa imekwenda yote. Mwenzetu alinusa, akarudisha glasi mezani bila kusema neno. Ndiyo sababu bia hii inauzwa haraka na kwisha, na watu wanakuja mpaka shambani kuitafuta. Wanalipia upya wake. Ni sawa kasiksi yetu: ya siku ya tatu kila mtu anaitaka, ya siku ya nane unampa nani?

Turudi kwa swali la vipandikizi. Jibu letu ni hapana, na munisikie—ao tuseme, mutusikie—sababu yake. Hubloni inaongozwa na urefu wa mchana. Kule Poperinge, mwezi wa 6, mchana unapita masaa 16. Mmea unatumia mchana huo mrefu kupanda mpaka juu ya waya, na mchana ukianza kufupika ndipo unatoa maua. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni masaa 12 mwaka mzima. Mmea unadhani wakati wa maua umefika ukingali mdogo, unatoa maua machache, basi. Tena unataka baridi ya kweli ili shina lipumzike. Afrika ya Kusini wanailima, upande wa George, lakini mwanzoni walihitaji taa mashambani kurefusha mchana, mpaka walipopata mbegu zao zinazofaa. Na kule ni mbali sana na ikweta kuliko sisi. Nani katika kooperative yetu atawasha taa juu ya hekta moja usiku? Wale ambao hawajatoa pesa, wasitoe. Wale waliokwisha kutoa, walete karatasi zao kwa sekretari ili tuone namna ya kudai pamoja.

Jambo tulilorudi nalo ni lingine. Ni lile la telefone mkononi.

Munakumbuka msimu uliopita wa kahawa. Sisi maagronome ndio tulipanga lori moja, saa kumi ya jioni, kwa vijiji vyote vitatu. Siku ile lori ilikwama kwa matope, matunda mekundu mazuri yakalala ndani ya magunia, yakafika kwenye stasio ya kuosha asubui. Mukitia mkono ndani ya gunia, ni moto. Yaliwekwa kwa daraja la pili. Mama mmoja alituuliza mbele ya wote: «Nilichuma vizuri sawa mulivyonifundisha, sasa nani atanilipa tofauti?» Hatukumjibu. Kosa halikuwa lake, wala la matunda. Tulikuwa tumepanga mavuno yangojee machine. Poperinge machine ndiyo inayongojea mavuno.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa mkutano. Mizani iwe pahali pawili, chini na juu ya mto, na saa ya kuchuma iandikwe kwa karatasi ya kila mwanamemba, pamoja na kilo. Na stasio ifunguke mpaka saa nne ya usiku siku za mavuno makubwa, ili matunda ya siku yamenywe siku ile. Hii inataka mafuta ya machine na watu wawili wa usiku. Hesabu yake tumeiacha kwa komite. Ikiwa pesa haitoshi, tuanze na mizani ya upande wa juu, kwa sababu kule ndiko lori inakokwama. Komite itaamua mbele ya mwezi wa 3, na ule mama aliyetuuliza tumemwomba akae katika kikao hicho. Amekubali.