Likizo ya Asiye na Mwajiri (Sehemu ya Pili)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania anayejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni sheria nzuri, ila imesimama juu ya mtu ambaye mama lishe hanaye: mwajiri. Mwanamke anayewasha jiko la mkaa alfajiri na kusugua masufuria jioni ni bosi na kibarua kwa wakati mmoja, na siku asipofungua hakuna wa kumkata wala wa kumlipa. Sehemu ya kwanza ilieleza hifadhi ya jamii ya waliojiajiri kwa jumla. Leo nabaki na swali moja: je, inatosha kumwambia mwanamke huyu kwamba mlango wa mfuko uko wazi, aje achangie kama wengine? Naona haitoshi, kwa sababu masharti ya kuingia yalitungwa kwa kumtazama mtu ambaye kazi yake haikatiki.

Hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Tangu mifuko ya hifadhi ya jamii iunganishwe mwaka 2018, mfuko wa NSSF ndio unaobeba sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Kwa mwajiriwa, mchango wa asilimia 20 ya mshahara hupelekwa kila mwezi, yeye na mwajiri wakigawana, bila yeye hata kukumbuka. Fao la uzazi linadai michango ya miezi 36, na 12 kati yake iwe ya karibu na kujifungua. Karani wa kampuni hatakwama hapo. Lakini muuza dagaa, mimba ikiwa nzito, hupunguza safari za mnadani. Mtaji unaliwa nyumbani, mchango unakatika. Mwaka mwingine mama yake mzazi anaugua, na anayeitwa kwenda kumuuguza ni yeye, si kaka yake. Sharti halikutaja jinsia popote, ila limemwangukia mwanamke. Dereva wa bodaboda naye hajui kesho ataingiza shilingi ngapi, hilo halina ubishi. Lakini kuzaliwa kwa mwanawe hakumshushi kwenye pikipiki kwa wiki nane.

Wapo wanaosema kwamba pasipo mwajiri hakuna wa kudaiwa, kwa hiyo suala limeishia hapo. Hoja hii ina umri. Mwaka 1972, wanawake waliojiajiri wa mji wa Ahmedabad, India, wakiongozwa na Ela Bhatt, walipoomba kusajili chama chao cha SEWA, maofisa wa kazi waliwakatalia: chama cha wafanyakazi kitapambana na nani ikiwa mwajiri hayupo? Walijibu kwamba chama kinaweza kuwepo kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe, na mwaka huohuo kikasajiliwa. Baadaye kikaanzisha benki na bima za wanachama wake. Kukosekana kwa mwajiri, kumbe, kunabadilisha njia ya kulipia hifadhi, hakufuti haki yenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu hawa hawachangi. Lakini wanachanga, tena kwa nidhamu. Mfuko wa jamii ndani ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ni bima ya uzazi na misiba isiyoitwa bima. Kasoro yake ni udogo. Wanakikundi aghalabu huuza soko moja, na moto ulioteketeza soko la Kariakoo Julai 2021 ulionyesha jinsi hasara inavyoweza kuwafika majirani wote usiku mmoja, anayesaidia na anayesaidiwa. Serikali nayo imewahi kuwafikia. Desemba 2018 ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, vikiwakinga na ushuru mwingine, bila hata senti moja kwenda kwenye fao la mwenye kitambulisho. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Huo ni msaada, ila mkopo hudai marejesho hata mama akiwa kitandani. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga gharama za hospitali. Siku ambazo meza haikufunguliwa hazimo.

Brazil ilichukua njia ambayo ingetufaa kuichunguza. Kwa sheria ya 2008, mjasiriamali mdogo hulipa ankara moja yenye kodi na mchango wa hifadhi pamoja, na tangu 2011 mchango huo ni asilimia 5 tu ya kima cha chini cha mshahara. Pengo linabaki kwa hazina ya taifa. Hata huko, aliyejiajiri alitakiwa awe na michango ya miezi 10 kabla ya kupata fao la uzazi, sharti ambalo mwajiriwa hakuwekewa. Machi 2024 mahakama ya juu ya nchi hiyo ililifuta kwa kuwa lilivunja usawa. Atakayeuliza hazina yetu itapata wapi fedha ana haki ya kuuliza, na mimi ningeanzia kwenye ushuru wa soko ambao mwanamke huyu hulipa tayari: sehemu yake iandikwe kwa jina lake kwenye mfuko, ishike nafasi ya mwajiri, na miezi ya uzazi ihesabiwe kama iliyochangiwa.

Yupo ambaye hata mpango huo hautamfikia: mke anayeuza dukani siku nzima huku leseni ikiwa ya mumewe. Umoja wa Ulaya ulimtaja katika maelekezo yake ya 2010 kuhusu waliojiajiri. Tutamtazama katika sehemu ya tatu.