Kikombe cha Samunge na Mtoto Aliye Tumboni

Akina mama wapendwa, ni wachache kati yetu wasioukumbuka mwaka 2011. Mwezi wa Machi mwaka ule, barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro, ilijaa mabasi, malori na magari ya wakubwa. Watu walilala njiani siku kadhaa wakingojea kikombe cha Babu, yaani Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT. Alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga, akamnywesha kila mmoja kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inaponya kisukari, saratani na UKIMWI. Mwezi wa Julai 2021 Babu alifariki.

Hatuandiki ili kumhukumu marehemu, wala kuwacheka waliokwenda. Mwenye mgonjwa nyumbani hachagui njia. Linalotusumbua ni jambo moja: baadhi ya waliokunywa waliacha vidonge vya kupunguza virusi vya UKIMWI, wakiamini wamepona. Hakuna uchunguzi wa kitaalamu uliothibitisha kwamba kikombe kile kinaondoa virusi hivyo mwilini. Na anayeacha vidonge akiwa mjamzito au akinyonyesha haamui kwa ajili yake peke yake.

Tuseme wazi hatari ilipo. Virusi humfikia mtoto akiwa tumboni, wakati wa uchungu na kuzaliwa, au kwa njia ya maziwa. Mama asipopata dawa yo yote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, wanaoambukizwa hupungua hata chini ya 5. Lakini ukiacha vidonge, virusi huanza kuongezeka tena katika muda wa majuma machache, na wewe husikii kitu. Unalima, unateka maji, unakula vizuri. Hapo ndipo mtu husema, "Kweli nimepona." Afya hiyo ni matunda ya vidonge ulivyomeza miezi iliyopita, nayo haimkingi mtoto.

Vidonge hivyo vilipatikana kwa kazi ya watu wa mataifa mengi, na akina mama wa Afrika Mashariki wamo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mamia ya wajawazito walikubali kushiriki katika utafiti wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999: kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na dozi moja ya maji kwa mtoto kabla hajatimiza siku tatu, kilipunguza maambukizo karibu nusu kuliko dawa iliyolinganishwa nayo. Kuanzia mwaka 2000 Tanzania ilifanya majaribio ya huduma hii katika hospitali tano, zikiwemo Muhimbili, KCMC na Bugando. Baadaye Mfuko wa Dunia na mpango wa UKIMWI wa serikali ya Marekani vilisaidia kulipia dawa na vipimo hadi vijijini.

Na mwaka ule ule wa 2011, magari yakiwa yamejipanga Samunge, majirani zetu wa Malawi walianza jambo ambalo halikupigiwa kelele. Kila mjamzito aliyekutwa na virusi alianzishiwa dawa siku zote za maisha yake, bila kungoja augue. Tanzania ilifuata mwaka 2013. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku.

Tusisahau kaswende. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwafuatilia wajawazito wa Mwanza, na mwaka 2002 walieleza kwamba kati ya wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Sindano moja ya penisilini iliondoa hatari hiyo. Sindano moja! Tunafikiri ni wanawake wangapi walioitwa wamerogwa, au walioachwa na waume, kwa kukosa sindano hiyo.

Huko Ngorongoro kwenyewe ushirikiano wa namna hii ni wa zamani. Hospitali ya Wasso ilianzishwa miaka ya 1960 na padre daktari kutoka Austria, Herbert Watschinger, nayo imezalisha akina mama wa Kimasai na wa Kisonjo tangu siku hizo. Lakini kutoka boma la mbali hadi kliniki ni mwendo mrefu, na nauli iko mfukoni mwa baba. Kwa hiyo, mama, nenda kliniki na mwenzio, mpimwe pamoja. Na usiridhike na kipimo cha kwanza tu. Mama anayeambukizwa wakati ananyonyesha ana virusi vingi sana mwilini, na huo ni wakati wa hatari kubwa kwa mtoto. Omba upimwe tena mimba ikiwa kubwa, na tena unaponyonyesha.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake mingi ya nje, na kliniki nyingi za Afrika ziliingiwa na hofu. Ikiwa siku moja utaambiwa dawa ni chache, usigawe kidonge nusu, wala usimpe jirani. Muulize mhudumu ni kituo gani kingine chenye dawa, uende kabla zako hazijaisha.

Wanaopenda kuombewa waombewe. Kumeza kidonge jioni hakuzuii sala. Mtoto naye apewe dawa yake ya maji tangu kuzaliwa kama alivyoandikiwa, na anyonye maziwa ya mama tu miezi sita bila uji wala maji. Akifikia majuma sita apelekwe akatolewe matone ya damu ya kipimo. Jibu likiwa zuri, bado kadi isitupwe: atapimwa tena, na kipimo cha mwisho hufanywa akiwa ameshaacha kunyonya.