Tujifunze Nini kwa Wanawake wa Ufaransa?

Ukisimama asubuhi ya Jumapili kando ya barabara mjini Kasongo, utawaona akina mama wakienda kusali katika vikwembe vya kila rangi. Aliyevaa kipya hutembea polepole ili aonekane; aliyevaa cha zamani huharakisha. Lakini pita siku ya Jumatatu nyumbani kwa yule aliyetembea polepole. Pengine utamkuta amejifunga kitambaa kilichochanika, watoto wake wakila kila mmoja pembeni pake katika sahani za bati zilizobonyea, na zile sahani nzuri zimefungiwa kabatini zikimngoja mgeni.

Basi twauliza: uzuri huo wa Jumapili ni wa nani?

Swali hili limetujia kwa sababu siku hizi mabinti na wake vijana hutusimulia habari za wanawake wa Ufaransa. Simu zimeleta picha zao hata Kabambare. Wanasifiwa kuwa ni maridadi pasipo kujipamba mno, kwamba wajua kuvaa, kula na kupanga nyumba. Wapo wanaotamani kuwaiga. Je, yafaa? Twajibu: yafaa, mradi tujue ni kitu gani tunachokiiga. Atakayechukua nguo na kuiacha akili iliyoichagua, huyo amebeba ganda na kutupa kiini.

UMARIDADI ULIOZALIWA NA UHABA

Watu wengi hudhani kwamba umaridadi wa Kifaransa watoka katika utajiri. Historia yasema vingine. Gabrielle Chanel, mmoja wa washonaji mashuhuri kabisa wa Paris, alizaliwa mwaka 1883 katika jamaa maskini. Mama yake alipofariki mwaka 1895, alipelekwa katika nyumba ya yatima ya masista huko Aubazine, na kwa masista alijifunza kushika sindano. Alipopata duka lake mwenyewe, aliwashonea wanawake nguo za jezi, kitambaa cha bei nafuu ambacho wakati ule kilitumiwa hasa kwa nguo za ndani za wanaume. Mwaka 1926 alitoa gauni jeusi, jepesi, lisilo na mapambo mengi, nalo likasifiwa duniani kote. Hatumsifu kwa kila alilotenda, maana mwenendo wake wakati wa vita umelaumiwa sana, tena kwa haki. Twamtaja ili kuonyesha kwamba ufundi ule ulianzia mikononi mwa yatima.

Tena, Wajerumani walipoikalia Ufaransa tangu 1940 hata 1944, nguo zilipimwa kwa kadi. Ngozi ilikosekana, watu wakavaa viatu vya soli za mti. Soksi ndefu zilikosekana, wanawake wakapaka miguu rangi ili ionekane kama imevikwa. Nguo kuukuu zilifumuliwa na kushonwa upya. Hata vita vilipokwisha, Christian Dior alipotoa mwaka 1947 magauni mapana yaliyokula mita nyingi za kitambaa, wengi waliyapenda, lakini wapo wanawake wa Paris waliokasirika kuona anasa namna hiyo hali nchi ingali na uhaba.

Katika shule hiyo ya uhaba kanuni yao ilipata nguvu: nguo chache, kitambaa kizuri, mshono unaokaa mwilini, na matunzo ya kila siku. Tangu Novemba 2023 uko hata mpango wa nchi nzima ambao kwa huo Mfaransa hupunguziwa gharama akipeleka nguo au viatu vyake kwa fundi aliyekubaliwa, badala ya kuvitupa. Lakini tusidanganyike kwamba Wafaransa wote hufuata kanuni hiyo. Kwao pia nguo dhaifu za bei rahisi zanunuliwa leo na kutupwa kesho. Twasema tu kwamba kanuni yenyewe ni njema, wala haikuanzia katika fedha nyingi.

WAKAGUZI WATATU

Kwetu sisi, kuiga mavazi ya wengine kuna historia chungu, nayo yatupasa kuikumbuka kabla ya kuiga tena.

Zamani wazee wetu wa Maniema walivaa nguo zilizofumwa kwa nyuzi za rafia. Katika karne ya 19 misafara kutoka Zanzibar ilileta merikani na kaniki kwa njia ya Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo. Vitambaa vile vilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na hata kwa watu. Kasongo ilipokuwa mji wa Tippu Tip na jamaa zake, mavazi yalimtenga mwungwana na mtumwa. Mji ule ulitekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, lakini fikira ile ilibaki: kwamba nguo ndiyo inayosema wewe u nani.

Ndipo alipokuja mkaguzi wa kwanza, yaani serikali ya Wabelgiji. Katika miji mbalimbali zilifunguliwa nyumba za mafundisho kwa akina mama, kama ile ya Usumbura iliyoanza mwaka 1946. Humo walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Mengi yaliyofundishwa yalikuwa mema, na bibi zetu wengi walitajirika kwa ufundi ule. Lakini mwaka 1948 ilitolewa kadi ya sifa kwa Waafrika walioitwa wastaarabu, na mwaka 1952 ikawekwa sheria ya kuwaandikisha walio bora kuliko hao. Mtu aliyeomba cheo hicho alitembelewa nyumbani kwake. Wageni walitazama jinsi mkewe anavyotunza nyumba, na kama jamaa hula mezani kwa uma na kisu. Basi mama alitandika kitambaa mezani kwa ajili ya mkaguzi. Mkaguzi alipoondoka, kitambaa nacho kilirudi sandukuni.

Mkaguzi wa pili alikuwa serikali yetu wenyewe. Mwaka 1972, katika siasa ya Mobutu ya kurudia uasili, wanaume walikatazwa kuvaa tai, wakapewa abakosti. Wanawake walikatazwa suruali, nywele za bandia na sketi fupi, wakaambiwa wavae kikwembe. Kikwembe ni vazi la heshima, nasi twalipenda. Lakini hata vazi zuri, likivaliwa kwa kuogopa askari, halimfundishi mtu kuchagua. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1990, vilipolegezwa vifungo vya siasa ile.

Mkaguzi wa tatu hana ofisi wala sheria, na kwa hiyo ni mkali kuliko wote. Huyo ni jicho la jirani. Yeye ndiye anayedai kikwembe cha sare kwa arusi hii, kingine kwa arusi ile, kingine kwa matanga, na kingine tena kila tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake.

Sisi walimu twamfahamu sana mkaguzi huyo. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, lakini sekondari bado yadai ada. Kulikuwa na msichana hodari wa hesabu aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Tulikwenda kumwona mama yake. Palikuwa na kikwembe kipya juu ya kiti, kimechukuliwa kwa mkopo kwa ajili ya arusi ya Jumamosi. Tulinyamaza, maana si kazi yetu kumwaibisha mama wa mtu nyumbani kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, akitazama chini: "Mwalimu, ningefanyaje? Wangenisema."

Wangenisema! Neno hilo moja limewafukuza shule watoto wengi. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo, nasi twaongeza kwamba cha mkopo humvua mtoto ili kumvika mama kwa siku moja.

TUCHUKUE NINI, TUACHE NINI?

Mwanamke wa Ufaransa tunayemsifu, yule wa kweli ambaye hayumo katika matangazo ya biashara, amemshinda mkaguzi huyo wa tatu. Hujiuliza kwanza: Je, nguo hii yanifaa? Je, nitaivaa mara nyingi? Je, naweza kuilipa? Akisha kujibu, huivaa tena na tena bila haya. Hilo ndilo la kujifunza kwake, nalo halihitaji gauni la Paris.

Kwanza, tununue vichache vilivyo bora. Kipande kizima cha kikwembe, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita kitenge, kina yadi 6. Kiwanda cha Vlisco cha mji wa Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846, kimeuza vikwembe vya nta Afrika miaka mingi, na leo viko vya kuiga vingi mno vyenye maua yale yale. Mama, kabla hujatoa fedha, geuza upande wa nyuma: kikwembe cha nta cha kweli kina rangi kali pande zote mbili. Kisha kifue kwa maji baridi na kukianika kivulini. Kimoja cha namna hiyo kitawazika vitatu vya rangi ya juu juu.

Pili, turekebishe. Fundi mwenye cherehani barazani aweza kuligeuza vazi la mama likawa gauni la binti. Kuvaa nguo iliyotiwa kiraka kwa ufundi si aibu; aibu ni kuiacha ichanike kwa uvivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, tule kama watu wanaopendana. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliandika mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Haukuwekwa humo kwa ajili ya chakula cha ghali. Kilichotazamwa ni ile desturi ya kuketi pamoja, kuandaa meza vizuri, na kuzungumza bila haraka. Sisi tunao wali, zao lililoenea Maniema tangu zamani za Waungwana. Tunayo sombe kwa mawese, tunao samaki wa Lualaba. Kilichopungua ni baba kuketi na wanawe, na mama kula kabla chakula hakijapoa.

Nne, tuiache ngozi kama tulivyozaliwa nayo. Baadhi ya dawa za kujichubua zina zebaki, sumu inayoharibu figo. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yalikusudia kuziondoa sokoni duniani. Mwenye kuuza weupe kwa chupa hauzi umaridadi.

NENO KWA AKINA BABA

Msidhani, akina baba, kwamba makala haya ni ya wake zenu peke yao. Mwanamke hawezi kuchagua kwa busara ikiwa hajui fedha za nyumba ni kiasi gani. Hata Ufaransa, hadi sheria ya Julai 1965, mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Kwetu, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mambo ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliliondoa sharti hilo. Sheria imebadilika, lakini katika nyumba nyingi mume angali akificha mshahara wake mfukoni, kisha amlaumu mkewe kwa kukopa. Wapo pia wachimba dhahabu wa Salamabila ambao hupata fedha nyingi siku moja na kuzimaliza siku hiyo hiyo, nao hurudi nyumbani na kikwembe kizuri ili kuomba msamaha. Afadhali kuketi na mke mezani mwanzo wa mwezi, mkahesabu pamoja: ada kwanza, chakula, dawa, kisha mavazi. Kikwembe kitakachonunuliwa baada ya hesabu hiyo kitavaliwa kwa furaha.

Wasomaji wapenzi, bibi zetu waliijua kanuni hii kabla hatujasikia habari za Paris. Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, njia zilipofungwa na bidhaa zilipokosekana, wako waliobaki na kikwembe kimoja tu cha heshima. Walikifua jioni, wakakivaa asubuhi, nao hawakudharauliwa na mtu. Tukiwaiga Wafaransa katika jambo hili, kwa kweli tunawarudia hao.

Yule msichana alirudi shuleni, baada ya mama yake kukirudisha kikwembe kwa mwenye duka. Arusini alikwenda na kile cha zamani, kilichofuliwa na kunyoshwa vizuri. Tulipomwuliza kama walimsema, alicheka: "Walinisema, Mwalimu. Hata Jumatatu walikuwa wamekwisha kusahau."

Basi, mama mpenzi, Jumatatu ijayo litafute ufunguo wa kabati. Zitoe zile sahani nzuri, uwapakulie wanao.