Marudio Yatajwe Kuwa ni Marudio

Hapana shaka kwamba televisheni ni chombo cha kuelimisha umma. Zanzibar ilitutangulia kuwa nayo mwaka 1973. Bara tukaipata mwaka 1994. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, ving'amuzi vikashika nafasi yake, hata hapa Rungwe.

Lipo jambo moja ambalo wenye vituo hawana budi kulitazama. Vipindi vingi hurudiwa, na kurudia si kosa. Umeme hukatika, na mkulima wa Tukuyu anayetoka kuchuma chai au kukamua ng'ombe hawezi kuwahi kila kipindi. Marudio ni haki yake. Kosa ni kurudia bila kusema. Tamthilia huonyeshwa pasipo namba, mtazamaji asijue kama hii ni sehemu ya 5 au ya 15.

Ya tamthilia yanavumilika. Yasiyovumilika ni ya vipindi vya kilimo. Agosti 2022 mpango wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa mjini Mbeya, na bei za mbolea huweza kubadilika msimu hadi msimu. Mkulima wa viazi akionyeshwa kipindi cha msimu uliopita bila tarehe, ataishika bei ile kuwa ndiyo ya leo. Atafunga safari na fedha pungufu, atarudi mikono mitupu, na mvua za kupandia hazimngoji. Tena atamshuku muuzaji asiye na hatia. Utabiri wa mvua na tahadhari za magonjwa ya mazao ni vivyo hivyo. Kuuliza si ujinga, lakini skrini haiulizwi ikajibu.

Ni kweli kwamba kingamuzi huweza kuonyesha jina na maelezo ya kipindi, iwapo kituo kimeyatuma na mtazamaji anajua kitufe cha kubonyeza. Hayo hayatoshi. Yaandikwe kwenye skrini yenyewe: neno "Marudio", namba ya sehemu, na tarehe kipindi kiliporushwa kwanza. Wako watakaosema maandishi huziba picha. Basi yaonekane kwa sekunde chache, kipindi kinapoanza na kila baada ya matangazo ya biashara. Na kwa ajili ya wazee wasiosoma, mtangazaji ayataje kwa sauti.

Kazi hiyo haihitaji mitambo mipya. Tunawahimiza wahusika waianze sasa, wakitangulia na vipindi vya wakulima. Mwananchi anayepewa habari anastahili kujua ni habari ya lini.